JIUJITSU YA BRAZIL: Kwa nini mshipi mweupe hupewa dakika 5 na mweusi dakika 10

Timu ya mtaani na timu ya taifa zote hucheza soka kwa dakika 90. Katika ndondi mambo ni tofauti: bondia wa kulipwa anayeanza hupangiwa raundi 4, ilhali anayewania taji la dunia hupigana raundi 12. Jiujitsu ya Brazil imefuata njia ya ndondi, kisha ikaenda mbali zaidi. Katika mchezo huu urefu wa pambano hutegemea rangi ya mshipi wa mchezaji, umri wake, na hata shirika lililoandaa mashindano.

Wasioufahamu mchezo wenyewe huenda wakauchanganya na karate au judo. Jiujitsu ya Brazil haina ngumi wala mateke. Mchezaji hulenga kumwangusha mpinzani, kumdhibiti akiwa chini, na hatimaye kumlazimisha asalimu amri kwa kumkaba shingo au kukipinda kiungo chake, aghalabu kiwiko, bega au goti. Aliyezidiwa hupigapiga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja, na pambano huisha papo hapo hata kama zimepita sekunde 20 tu.

Kwa hivyo muda uliopangwa ni upeo, wala si lazima ufikiwe. Lakini wachezaji wanapolingana kwa ujuzi, mara nyingi hakuna anayesalimu amri, na mshindi hupatikana kwa alama. Hapo ndipo tofauti ya dakika mbili au tatu inapoweza kumpa mtu taji au kumnyima.

Mfano unaotajwa sana ni fainali ya mashindano ya dunia ya mwaka 2004 jijini Rio de Janeiro, katika kitengo kisichojali uzani. Ronaldo Souza, almaarufu 'Jacaré', jina lenye maana ya mamba wa Amerika Kusini, alikutana na Roger Gracie. Souza alikuwa akiongoza wakati Gracie alipounasa mkono wake na kuunyoosha kupita uwezo wa kiwiko. Mkono uliumia vibaya, lakini Souza hakusalimu amri. Alijinasua, akauchomeka mkono huo ndani ya mshipi wake, na kwa muda mchache uliosalia akawa anamkwepa mpinzani wake hadi saa ikaisha. Taji likawa lake.

Pambano hilo lilikuwa la dakika 10. Lingekuwa na dakika nyingine tano, ni vigumu kuona jinsi mtu aliyebaki na mkono mmoja angemzuia Gracie, ambaye kwa jumla alitwaa mataji 10 ya dunia akiwa na mshipi mweusi. Mashabiki wa mchezo huu bado hubishana iwapo Souza alishinda au aliokolewa na saa. Kwa mujibu wa kanuni, jibu ni moja tu: alishinda.

Muda kwa kila mshipi

Kanuni zinazofuatwa na wengi ni za Shirikisho la Kimataifa la Jiujitsu ya Brazil, IBJJF, lililoasisiwa na Carlos Gracie Jr. Ndilo huandaa mashindano ya dunia yaliyoanza Rio mwaka 1996 na kuhamia jimbo la California, Marekani, mwaka 2007.

Kwa watu wazima, yaani kuanzia miaka 18, mchezaji wa mshipi mweupe hupigana kwa dakika 5. Mshipi wa bluu hupewa dakika 6, wa zambarau 7, na wa kahawia 8. Mshipi mweusi hupewa dakika 10. Hakuna mshipi wa dakika 9. Kutoka kahawia hadi mweusi mchezaji huruka dakika mbili kwa mpigo, na wengi waliopandishwa ngazi husema ndipo walipotambua kwamba wameingia katika mchezo mwingine.

Wachezaji wanaoshiriki katika vitengo vya wakongwe, ambavyo huanza miaka 30, hupunguziwa muda. Katika kitengo cha kwanza cha wakongwe, mishipi ya zambarau, kahawia na mweusi hupigana kwa dakika 6, na mweupe na bluu kwa dakika 5. Kuanzia kitengo cha pili, kinachoanza miaka 36, kila mshipi ni dakika 5. Hivyo, bingwa wa mshipi mweusi mwenye umri wa miaka 45 hupewa muda ule ule anaopewa kijana wa miaka 20 aliyejiunga na mchezo mwaka jana.

Watoto nao wana ngazi zao. Wale wa miaka 4 hadi 6 hupigana kwa dakika 2, wa miaka 7 hadi 9 kwa dakika 3, na wa miaka 10 hadi 15 kwa dakika 4. Vijana wa miaka 16 na 17 hupewa dakika 5.

Sababu ya kupanga muda kwa mishipi huanzia mikononi. Mchezaji hulishika vazi la mwenzake kwenye ukosi, mikono na suruali, na kulivuta kwa nguvu zake zote. Anayeanza hajajua kugawa nguvu hizo. Hushika kila kitu kwa wakati mmoja, na dakika tatu zikipita vidole vyake havifungi tena. Mchovu wa namna hiyo huanguka ovyo na kuvuta kiungo cha mwenzake kwa ghafla. Vilevile huchelewa kutambua kwamba amenaswa na anapaswa kusalimu amri. Kumwongezea dakika ni kuwaongezea wote wawili hatari.

Mshipi mweusi ni mtu wa miaka 10 au zaidi ya mazoezi. Anaweza kutumia dakika mbili za kwanza akitafuta mshiko mmoja tu, kwa kuwa anajua mshiko huo utampeleka wapi dakika ya saba. Mpe dakika 5 na mpango huo unakufa. Atakachofanya ni kumwangusha mpinzani mapema, kupata alama mbili, kisha kulinda alichopata.

Katika ndondi, muda ulipunguzwa kwa sababu ya msiba. Kim Duk-koo wa Korea Kusini alifariki Novemba 1982 baada ya kuangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14, na kuanzia mwaka uliofuata Baraza la Ndondi Duniani, WBC, likapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Katika jiujitsu kichwa hakipigwi, na kwa hivyo hoja ya muda haijawahi kuwa ya uhai na kifo kwa namna hiyo. Hatari yake iko kwenye viungo, na refa amepewa mamlaka ya kulisimamisha pambano akiona wazi kwamba mbinu iliyonasa itamjeruhi vibaya mchezaji.

Hesabu ya mikeka

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana katika mafunzo, nayo ni ukumbi. Kitengo chenye wachezaji 64 wanaotolewa kwa mchujo huhitaji mapambano 63 ili kumpata bingwa. Mapambano hayo yakiwa ya dakika 5 na yote yakifika mwisho kwenye mkeka mmoja, huchukua saa 5 na dakika 15, bila kuhesabu muda wa kuingia na kutoka. Yakiwa ya dakika 10 huchukua saa 10 na nusu. Mishipi ya chini ndiyo yenye watu wengi, na mashindano makubwa huwa na makumi ya vitengo vya uzani na umri. Mwandaaji akiwapa wote dakika 10, atakodi ukumbi kwa wiki nzima.

Hesabu hiyo humgusa mchezaji pia. Katika kitengo cha watu 64, bingwa hupigana mara sita. Kwa mshipi mweupe hizo ni dakika 30 zikifika zote. Kwa mshipi mweusi ni saa nzima, na pengine aingie tena kitengo kisichojali uzani. Ndiyo maana kanuni za IBJJF huhesabu hata mapumziko kwa kipimo cha pambano: kati ya pambano moja na jingine mchezaji ana haki ya kupumzika kwa muda sawa na wa pambano lake, na kabla ya fainali muda huo huwa maradufu. Mshipi wa bluu anaweza kudai dakika 6, au 12 kabla ya fainali. Kocha asiyeijua kanuni hii humwacha mchezaji wake aitwe mkekani akiwa bado anahema.

Kutoka bila kikomo hadi saa ya refa

Waasisi wa mchezo huu wangeshangaa kuona mabishano haya. Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyewafundisha akina Gracie, alifika Brazil mwaka 1914 akitoka katika shule ya judo ya Kodokan. Carlos Gracie alijifunza kwake, na Hélio, ndugu mdogo wa Carlos, akawa mpiganaji aliyetangaza jina la familia. Hélio alikuwa mwembamba. Silaha yake ilikuwa subira: kulala chali, kumzuia mtu mzito kwa miguu, na kungoja achoke. Mbinu ya kungoja haipatani na saa.

Ndiyo maana familia hiyo ilipenda mapambano yasiyo na kikomo. Mwaka 1955 Hélio, aliyekuwa amepita umri wa miaka 40, alipigana na Waldemar Santana, mwanafunzi wake wa zamani, kwa zaidi ya saa tatu na nusu, akashindwa. Hata hivyo, si kila pambano lake lilikuwa hivyo. Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã, alikutana na bingwa wa judo Masahiko Kimura kwa masharti ya raundi tatu za dakika 10. Kimura alimpinda mkono katika raundi ya pili, na Carlos akasalimu amri kwa niaba ya ndugu yake. Mbinu iliyotumika siku hiyo huitwa 'Kimura' hadi leo.

Jiujitsu ilipotaka kuwa mchezo wa mashindano ya kawaida, saa ilikuwa haiepukiki. Shirikisho la kwanza liliundwa mwaka 1967 katika jimbo la Guanabara, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa jiji la Rio, na utaratibu wa kuhesabu alama ukaanza kuenea. Saa na alama huenda pamoja. Pambano lisilo na mwisho halihitaji alama, kwa sababu mmoja atasalimu amri. Lenye mwisho lazima liwe na njia ya kumtambua aliyetawala.

Nje ya Brazil, ni televisheni iliyoilazimisha familia ya Gracie ikubali saa. Mashindano ya UFC, ambayo Rorion Gracie alishiriki kuyaanzisha nchini Marekani mwaka 1993, yaliruhusu ngumi na hayakuwa na kikomo. Katika awamu ya nne, Desemba 1994, Royce Gracie alichukua karibu dakika 16 kumshinda Dan Severn, na watazamaji wengi waliolipia matangazo walikatiwa picha kabla hawajaona mwisho. Kikomo kikawekwa kuanzia awamu ya tano, Aprili 1995. Royce na Ken Shamrock wakapigana dakika 36, muda wa ziada ukiwemo, wakatoka sare. Rorion aliondoka katika UFC baada ya hapo.

Familia haikukata tamaa. Mei 2000, jijini Tokyo, ilidai na kupata raundi za dakika 15 zisizo na idadi kwa ajili ya pambano kati ya Royce na Kazushi Sakuraba. Baada ya raundi sita, yaani dakika 90, ni upande wa Gracie uliorusha taulo. Waliodai muda ndio walioishiwa nguvu.

Kucheza na saa

Katika kanuni za IBJJF, kumwangusha mpinzani, kumpindua ukiwa chini, au kumwekea goti tumboni ni alama 2. Kupita miguu yake na kumdhibiti ubavuni ni alama 3. Kumkalia kifuani au kumshika mgongoni ni alama 4. Kila nafasi hushikiliwa kwa sekunde 3 ndipo alama itolewe. Aliyekaribia kufanikiwa bila kukamilisha hupewa kiasi kidogo kiitwacho faida, ambacho hutazamwa tu alama zikilingana. Faida zikilingana pia, aliyeadhibiwa mara chache zaidi hushinda. Na zikilingana adhabu, refa huamua mwenyewe.

Hakuna muda wa ziada. Hapo jiujitsu hutofautiana na judo, ambayo imepunguza pambano la wanaume kutoka dakika 5 hadi 4 tangu 2017, sawa na la wanawake, lakini wakitoka sare huendelea bila kikomo hadi mmoja apate alama.

Udhaifu wa mfumo wa IBJJF unaonekana wazi. Mchezaji anayeongoza kwa alama 2 dakika ya nne ana sababu zote za kutofanya lolote dakika ya tano. Kadiri pambano linavyokuwa fupi, ndivyo alama ya kwanza inavyokuwa nzito. Kanuni hujaribu kuziba pengo hilo: mchezaji asiyejaribu kuendeleza pambano kwa sekunde 20 huadhibiwa. Adhabu ya kwanza huandikwa tu, ya pili humpa mpinzani faida, ya tatu humpa alama 2, na ya nne humwondoa mkosaji. Lakini mzoefu hujua kujitikisa kidogo sekunde ya 18, na refa hana la kufanya. Adhabu peke yake si rahisi kumfanya anayeongoza atamani kuhatarisha uongozi wake.

Waliokataa mfumo huo

Sheikh Tahnoon bin Zayed Al Nahyan wa Abu Dhabi alipoanzisha mashindano ya ADCC mwaka 1998, alichagua suluhisho jingine. Kwa miaka mingi kanuni zake ziliweka dakika 10 katika raundi za mchujo na dakika 20 katika fainali, na katika nusu ya kwanza ya pambano hakuna alama inayohesabiwa. Mchezaji anaweza kujaribu mbinu ya hatari, akaanguka, na asipoteze chochote. Nusu ya pili ndipo alama huanza, na anayelala chini kwa hiari huondolewa alama. Sare huenda muda wa ziada. Ni katika mashindano haya, mwaka 2003 mjini São Paulo, ambapo Eddie Bravo wa Marekani alimkaba Royler Gracie kwa miguu na kumtoa.

Ajabu ni kwamba mji huo huo wa Abu Dhabi una mashindano mengine makubwa, World Pro, ambayo huchezwa kwa vazi la jiujitsu na humpa mshipi mweusi dakika 6 pekee. Nchi hiyo imefundisha jiujitsu shuleni tangu 2008, na mchezo mfupi wenye kasi huwafaa watazamaji wengi. Anayezoea dakika 10 za California hulazimika kujifunza upya kuanza kwa kasi.

Wengine waliona kwamba kosa ni alama zenyewe. Mwaka 2012 Ralek Gracie, mwana wa Rorion, alianzisha Metamoris: dakika 20, hakuna alama, ushindi ni kusalimu amri tu. Machi 2014 Bravo na Royler walirudiana katika mashindano hayo. Bravo alimtesa mpinzani wake kwa muda mrefu, lakini Royler hakusalimu amri, na dakika 20 zikaisha kwa sare. Kuondoa alama huku saa ikibaki kulimpa anayezidiwa lengo jipya, nalo ni kudumu tu hadi mwisho.

Mwaka huo huo Bravo alianzisha mashindano yake, EBI, yaliyojaribu kuondoa sare. Dakika 10 zikiisha bila mshindi, wachezaji huingia muda wa ziada wa hadi raundi tatu. Kila mmoja hupewa zamu ya kuanza akiwa tayari amemshika mwenzake mgongoni au ameunasa mkono wake. Wote wakijinasua, saa hutumiwa tena, safari hii kuhesabu nani alijinasua kwa muda mfupi zaidi. Wapinzani wa mtindo huo hulalamika kwamba mtu anaweza kuzidiwa kwa dakika 10 kisha ashinde kwa kuwa hodari wa kujinasua.

Jaribio jingine kubwa lilikuwa Las Vegas, Agosti 2024, mwishoni mwa wiki ile ile ambayo ADCC ilikuwa ikiendelea mjini humo. Mashindano ya Craig Jones Invitational, yaliyotoa zawadi ya dola milioni moja kwa kila mmoja wa mabingwa wake wawili, Kade Ruotolo na Nicky Rodriguez, yalirudisha raundi kama za Maracanã mwaka 1951. Mapambano ya mchujo yalikuwa ya raundi tatu za dakika 5, na majaji walitoa alama kwa kila raundi kama katika ndondi. Aliyeongoza raundi moja hakuweza kulala juu ya uongozi huo, kwa kuwa raundi iliyofuata ilihesabiwa upya. Fainali zilipangiwa raundi tano, yaani dakika 25.